Maswali ya wasomaji: Mbwa akianza vituko, ameona nini?

Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na jambo moja. Sijui ni juu ya hizi mvua ama ni zile video za matetemeko watu wanatumiana kwa WhatsApp, lakini kila mtu anataka kujua kama mbwa, paka ama hata kuku anaweza kuona hatari kabla sisi tuione. Nimechagua tano na nimeanza na ile ambayo haingengoja jarida lichapwe.

Daktari habari ya kazi. Niko Kimilili, Bungoma. Mbwa wetu ni mpole sana hata watoto humlalia, lakini tangu Jumapili amebadilika, mchana anajificha chini ya kitanda, jioni anatoka anauma mbao na mawe, anaangalia kona ya nyumba ambapo hakuna kitu anabweka na sauti imekauka kama si yake. Jirani anasema anaona mtu ametumwa kwa hii boma na tusimfukuze juu yeye ndiye anatukinga. Jana alimshika kijana wangu mguu na meno lakini damu haikuwa nyingi. Anaona nini?

Huyu mama nilimpigia simu saa ile ile nilisoma meseji yake na namshukuru Mungu kijana alifikishwa hospitali jioni hiyo na akaanza sindano. Naichapa kwa ruhusa yake juu najua kuna boma zingine saa hii zina mbwa kama huyo na watu wamekaa wanajadili ni jini gani.

Kwa ile kona hakuna kitu. Hizo dalili zote umeandika, mbwa mpole kuwa mkali ghafla, kujificha kwa giza, kuuma vitu havilikiwi, sauti kubadilika, hizo ni dalili za kichaa cha mbwa mpaka vet akuambie vingine. Virusi vinaingia kwa mate, vinapanda polepole kwa mishipa ya fahamu mpaka kwa ubongo, na vikishafika huko mbwa hubweka hewa na kung'ata hewa. Wengine hawawi wakali kabisa, wanalegea tu, taya inaning'inia, mate yanatiririka, na hao wa aina hiyo ndio wanadanganya watu wengi zaidi juu mtu anamwonea huruma anamfungua mdomo aone kama amekwamwa na mfupa. Ng'ombe pia hivyo hivyo, analia sana na mate yanatoka, mkulima anadhani amekwamwa na kiazi ama embe na anaingiza mkono mzima kooni. Tafadhali usiingize huo mkono.

Sasa sikizeni vizuri. Mtu akiumwa ama akikwaruzwa ama hata mate yakiingia kwa kidonda, osha hapo na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, angalia saa kabisa usikisie, alafu nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze chanjo. Damu kuwa kidogo haimaanishi chochote. Sindano ni kadhaa na zina tarehe zake, usiache katikati juu umeona kidonda kimepona, maana ugonjwa unaweza kukaa mwilini miezi miwili mitatu hata zaidi ukiwa kimya, na siku ukijitokeza kwa mtu hakuna daktari mwenye dawa ya kuurudisha. Mbwa mwenyewe mfungie mahali watu na mifugo hawafiki, ita vet ama ofisi ya mifugo ya kaunti. Akifa ama ikibidi auawe, msimpige kichwa, ubongo ndio unapimwa kwa maabara na ukipondwa hakuna majibu. Kenya imeweka mpango wa kumaliza huu ugonjwa kwa watu ifikapo 2030 na njia iko wazi, mbwa wachanjwe kila mwaka. Karibu watu wote wanaokufa na kichaa huambukizwa na mbwa, kwa hivyo mbwa wakichanjwa watoto wetu wamepona.

Nimeiweka hii mbele ya zingine kwa sababu moja. Mnyama akianza vituko, mtu wa kwanza kuangaliwa ni mnyama mwenyewe, kabla ya ardhi, kabla ya jirani, kabla ya mizimu. Tabia ngeni mara nyingi ni ugonjwa ama maumivu.

Daktari, mimi nakaa Kiamunyi hapa Nakuru. Mbwa wangu wiki mbili hizi kila usiku anachimba upande mmoja wa msingi wa nyumba, anaweka sikio chini, anarudi nyuma analia, tena anachimba. Mnajua huku Nakuru kuna nyufa chini ya ardhi na mtu wa kanisa ameniambia wanyama hujua tetemeko siku nyingi kabla. Nina watoto. Nihame?

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi na siwezi kuichukulia kama jambo dogo. Tuko kwa Bonde la Ufa, na Menengai hapo juu ni volkano si kilima cha kupigia picha tu. Tetemeko kubwa zaidi kupimwa Kenya lilipiga hapo Subukia tarehe 6 Januari 1928, ukubwa wa 6.9, wazee wetu walisimuliwa. Na nyufa tunaziona kwa macho, mwaka 2018 mvua kubwa ilifungua ufa pale Suswa mpaka ukakata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok.

Wanyama na matetemeko basi. Kuna kitu cha uhakika na kuna kitu bado kinabishaniwa. Ya uhakika ni hii, tetemeko likitokea linatuma mawimbi aina mbili kwa pamoja, la kwanza ni jepesi lina mbio kama kilomita 6 kwa sekunde na watu wengi hawalihisi kabisa, la pili ndilo linatikisa nyumba na linakuja polepole, kilomita 3 na nusu hivi. Kwa hivyo mbwa aliyelala kifua chini ardhini anaweza kusikia la kwanza akaruka, na ukiwa kilomita 70 kutoka mahali limeanzia, la pili linafika kama sekunde 8 baadaye. Wewe utasema mbwa alijua kabla, na ni kweli alijua, lakini kilichomfikia kilikuwa tetemeko lenyewe ambalo limeshaanza. Sekunde 8 zinatosha kumtoa mtoto kitandani. Kuhama nyumba hapana.

Hiyo ya siku nyingi kabla ndiyo ngumu. Watu hupenda kutaja Haicheng huko China, Februari 1975, nyoka walitoka mashimoni katikati ya baridi kali wakafia juu ya theluji, watu wakatolewa manyumbani na tetemeko la 7.3 likapiga kweli. Lakini kabla ya hilo kubwa kulikuwa na vitetemeko vidogo vingi sana, hata binadamu walivihisi, na hivyo ndivyo vilifanya wakubwa waamue. Mwaka uliofuata, Julai 1976, Tangshan hapo hapo China ililala na kuamka kifusi, zaidi ya watu 240,000 walikufa, na hakuna onyo lililotolewa. Mimi nikifikiria hao watu wa Tangshan naona ni vibaya kumwambia mzazi yeyote alale usingizi akitegemea mbwa atamwamsha.

Kuna utafiti mmoja mzuri ulichapishwa 2020, Martin Wikelski na wenzake walifunga vifaa vya kupima mwendo kwa ng'ombe, kondoo na mbwa wa shamba moja Italia wakati matetemeko yalikuwa yanafuatana huko. Waliona wakiwa zizini wanyama walikuwa wanahangaika kwa pamoja mpaka masaa 20 kabla, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na chanzo ndivyo walianza mapema. Hiyo inanipa hamu ya kujua zaidi. Lakini lilikuwa shamba moja, wanyama wachache, na wenzao wengine wa sayansi bado wanataka kuona ikirudiwa kwingine kabla wakubali. Na angalia walichopima, ni kundi lote kuhangaika kwa pamoja. Mbwa mmoja kuchimba mahali pamoja wiki mbili ni kitu kingine kabisa.

Wako ana kitu hapo chini. Sikio la mbwa linasikia mpaka mitetemo 45,000 kwa sekunde, letu linaishia kama 20,000, na panya wanaongea sana kwa sauti za huko juu ambazo sisi hatuzipati. Anaweka sikio, anachimba, anasikiza tena, huyo anafuata panya ama fuko, ama kuna paipu ya maji imepasuka chini ya msingi inapiga mluzi. Angalia bili yako ya maji kama imepanda. Funga mifereji yote usiku, soma mita, soma tena asubuhi, ikisonga umepata jibu. Na maji yakivuja chini ya msingi kwa huu udongo wetu wa majivu ya volkano ni shida ya kweli, udongo huo ukiloa unabebwa na kuacha uwazi chini, hivyo hivyo ndivyo mashimo hufunguka Nakuru mvua ikinyesha. Kwa hivyo huyo mbwa anaweza kuwa anakuonyesha hatari ambayo iko leo na inazibwa na fundi. Mwangalie na kucha zake pia, kuchimba zege wiki mbili lazima zimeumia.

Kitu cha kukutoa kwa nyumba ni ufa unaopanuka kwa ukuta ama kwa ardhi, mlango ambao ulikuwa unafunga na sasa umekataa, ardhi kushuka baada ya mvua. Ukiona hivyo usingoje mbwa wala usiningoje mimi.

Shikamoo daktari, nakuandikia kutoka Bondo. Mwaka jana mbwa wetu alilia usiku ile ya kuvuta kama mtu wa matanga, siku tatu, na mzee wetu akafariki. Sasa ameanza tena na mama mkwe wangu ni mgonjwa. Watu wa boma wamesema anaita kifo na wengine wanasema ni jajuok, yaani mchawi wa usiku, anapita. Wanataka auawe wikendi hii. Mimi nampenda huyu mbwa. Nisemeje?

Marahaba dada. Pole kwa mzee. Waambie hivi, wakikubali kusikiza.

Mbwa hana uwezo wa kuita kifo. Lakini siwezi kusema hakujua kitu pia. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu mpaka milioni 300 na yetu ina kama milioni 6, na mwili wa mtu mgonjwa unabadilika harufu. Kuna watafiti walichukua soksi walizolala nazo watoto wa Gambia, mbwa waliofunzwa Uingereza wakazinusa, na walitambua kama asilimia 70 ya zile za watoto wenye malaria, watoto ambao hawakuwa hata na homa, na soksi za wasio na malaria walizikataa kwa usahihi asilimia 90. Hapo jirani Morogoro, Tanzania, panya buku wanafunzwa kunusa kifua kikuu kwa makohozi. Na huko Marekani, nyumba moja ya wazee katika mji wa Providence ilikuwa na paka anaitwa Oscar, daktari wao aliandika habari zake 2007, alikuwa anapita vitanda akinusa na akijikunja kando ya mgonjwa wauguzi walikuwa wanaita familia, juu mara nyingi mgonjwa huyo alikuwa na masaa machache tu. Angalia vile walimfanya huyo paka, walimshukuru, juu watu walipata nafasi ya kushikana mkono na mzazi wao. Hakuna aliyesema paka ndiye anaua.

Sasa mbwa wako, huenda mwaka jana alinusa mzee anaenda, huenda pia alikuwa analia kwa sababu zake. Mbwa hulia hiyo ya kuvuta akisikia mwenzake mbali, kukiwa na jike la joto kijijini, akiwa na maumivu, akiwa mzee na akili imeanza kupotea usiku, na akiachwa peke yake boma limejaa wageni na taratibu zote zimebadilika, jambo ambalo hutokea kwa kila nyumba iliyo na mgonjwa. Tena fikiria usiku wote huyo mbwa amewahi kulia na kukakucha salama, hizo hakuna mtu anazihesabu, ila ule usiku mmoja uliofuatwa na matanga unasimuliwa miaka ishirini. Bundi naye tumemfanyia hivyo hivyo, anakaa juu ya paa akila panya wetu na tunampiga mawe.

Kwa jajuok sitabishana na watu wa Bondo juu mimi mwenyewe nimelelewa na hizo habari. Nasema tu mbwa anayebweka akiangalia njia ya nje usiku ana mtu ama mnyama huko, awe fisi, mwizi wa ng'ombe ama huyo mnayemsema, na ni kazi yake kubweka. Mbwa wa kuuliwa kwa kufanya kazi yake, mimi hapo nakataa kabisa.

Kile ningefanya wikendi hii ni kumpeleka mama mkwe hospitali apimwe sukari, presha na malaria, hata kama anasema ni uchovu. Alafu mtafute vet amwangalie mbwa meno, masikio na tumbo. Kama mbwa amenusa kitu, basi ametupatia muda, na muda ni wa kutumia.

Sasa daktari! Nyalenda Kisumu hapa. Paka wangu amekataa kuingia jikoni, hata samaki nikiweka hapo haji. Akifika mlangoni anashusha kichwa, ananusa chini, anakunja uso anarudi. Hii ni nini?

Kabla hujamaliza kusoma enda kaangalie mtungi wa gesi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki juu, inamwagika chini inatambaa sakafuni, na paka pua yake iko hapo hapo chini wakati yako iko mita moja na nusu juu. Gesi yenyewe haina harufu, ile harufu mbaya kiwanda ndicho huongeza makusudi ili tushtuke, na kama wewe uko hapo jikoni kila siku pua yako inazoea inaacha kukuambia. Usiwashe stima, usizime pia, swichi ikitoa cheche imetosha. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toa watoto. Alafu chukua sabuni ya kuosha vyombo, changanya na maji mpaka ipate povu, paka kwa mdomo wa mtungi, kwa regyuleta na kwa mpira wote hasa pale unapobanwa. Mahali panavuja utaona vipovu vinafura vinapasuka vinafura tena, vidogo, havikomi. Mpira wa gesi ukipasuka nyufa haufungwi na selotepu, unanunua mwingine.

Kama gesi iko sawa basi angalia nyuma ya kabati na tochi, si mkono, nyoka hufuata panya. Ama umemwaga dawa ya mende hapo, hiyo pia humfukuza paka na inaweza kumuua.

Na kwa nyinyi wa Nakuru, Molo, Kericho na kwingine kwenye baridi, msichukue hili jibu mkadhani paka atawaokoa na jiko la makaa. Hewa ya sumu ya makaa, kaboni monoksaidi, haina harufu kabisa hata kwa mbwa. Wachimba makaa wa Uingereza walikuwa wanabeba ndege wadogo migodini mpaka 1986 na ndege hakuwa ananusa chochote, alikuwa mdogo anapumua haraka kwa hivyo anaanguka kabla ya mtu. Mnyama wako mkilala naye na jiko ndani na madirisha yamefungwa atalegea na nyinyi mtalegea. Jiko linalala nje, hata ikiwa baridi ya Julai.

Daktari mimi ni mwanafunzi niko Vihiga. Juzi saa nane usiku kuku wetu walipiga kelele lakini si ile ya mwewe ama kicheche, walikuwa wananung'unika wanainua mguu mmoja wanashusha wanainua mwingine. Nyanya alisema nisitoke nje ni ya watu wa usiku. Asubuhi vifaranga saba walikuwa wamekufa. Walikufa na nini?

Siafu, kijana wangu. Pole sana kwa vifaranga. Hiyo ya kuinua mguu mmoja na mwingine hakuna mnyama mwingine huifanya kuku afanye, ni kuchomwa vidole kutoka chini. Mvua ikijaza mashimo yao siafu huhama usiku kwa msafara, na kifaranga hawezi kuruka juu wala kufungua mlango wa kibanda. Nyanya hakukosea kukuzuia kutembea gizani bila viatu, msafara ukiukanyaga unapanda mpaka kiunoni, lakini siku nyingine mwambie mtoke wawili na tochi na gumbuti.

Fungua kibanda kwanza, kuku wakubwa watatoka wenyewe, vifaranga beba kwa karai uweke mahali pakavu mbali na msafara. Angalia sungura na ndama aliyefungwa kamba, na kama kuna mtoto mchanga ndani ya nyumba mtazame kabla ya hao wote. Usiwashe moto karibu na nyasi za paa. Siafu wataendelea na safari yao baada ya masaa machache na watakuwa wamemaliza mende na panya kwa nyumba yenu. Kabla mvua zijazo inua kibanda kwa miguu minne, kila mguu usimame ndani ya mkebe wenye maji na mafuta ya gari yaliyotumika kidogo juu yake, na ukate majani yote yanayogusa kibanda, juu wakipata jani moja la kupandia huo mkebe hautasaidia.